Mstari wa Kwanza wa Kumtafuta Dada

Nyumba Na. 14, ghorofa ya tatu
9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unalalia ubavu mmoja? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Huku tu wazima, ila magoti yangu na ngazi hayaelewani.

Ile blogu yangu ya kumtafuta dada yetu imetimiza mwaka, makala kumi na moja. Juzi mkutubi wa maktaba ninakoazima kompyuta alinionyesha takwimu zake. Watu mia tatu wameifungua, na karibu wote wameondoka kabla ya sekunde ishirini.

Kosa ni langu. Kila makala nimeianza kama baba alivyotufundisha: salamu, habari za mvua, pole kwa wagonjwa, aya tatu nzima. Dada anatajwa chini kabisa. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alisema watu wanasoma kwenye simu, kidole tayari kimeshaanza kusukuma, na babu ndiyo kwanza anauliza habari za mifugo. Akanishauri niweke jambo lenyewe juu, aya ziwe fupi zenye vichwa vidogo, na mwishoni ombi moja tu.

Nilibisha. Dada akikuta maneno makavu atajuaje kuwa ni mimi, si tangazo la polisi?

Mjukuu aliacha kucheka. “Babu, Bibi ataitikaje kama hajasikia anaitwa?”

Nimezikata salamu, ingawa naona kama nimeingia nyumba ya watu bila hodi. Sasa makala inaanza hivi: “Namtafuta dada yangu, aliyeungua mkono kwa pasi ya makaa akininyooshea sare ya shule.”

Mjukuu anataka nitaje mkono upi, ili dada asiwe na shaka kwamba ni yeye. Hapo nimekwama. Nilikuwa na hakika ni wa kushoto, lakini tangu jana kila nikifumba macho naona wa kulia. Wewe ndiye uliyempaka dawa. Ukipata barua hii nipigie simu, usingoje posta. Kama yu hai, ana miaka themanini na miwili. Nikikosea, atasoma mstari huo, aseme huyu si ndugu yangu, naye aondoke kama wale wengine.

Nisalimie shemeji na binti yako mshonaji. Mungu akutunze, akutunzie na kumbukumbu.

Kaka yako akupendaye,
Mrefu