Mkongojo Bado Yuko Hai

Jumamosi, 3 Mei

Leo mazombi wameangusha mlango wa chuma kwa mabega. Mabega! Mlango una bawaba tatu, makomeo mawili na kitasa ambacho mimi, fundi kufuli kwa miaka kumi na moja sasa, kingenitoa jasho nusu saa nzima na drili mkononi. Wao wameoza, vidole vinadondoka njiani — wamesukuma mara mbili, chini! Na waliomo ndani wanashangaa. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kuegemeza kabati.

Na zile nyasi. Dunia imekwisha miaka sita, nani anazikata?

Nimelalamika kwa sauti. Mama akasema, kama unajua sana nenda ukawafungie. Kisha: haya, endelea, sasa kuna nini?

Ndiyo kazi yangu ya kila Jumamosi saa kumi. Tangu macho yake yaingie ukungu, mama anaitazama tamthilia kwa mdomo wangu. Ile ya upelelezi ya Jumatano haina taabu, wale wanaongea mpaka mate yanawakauka. Lakini mazombi! Dakika ishirini za kukoroma, na mama ananiuliza, huyo anayekoroma ni nani? Nitajuaje!

Mtu wa mama ni mmoja tu. Mzee mpishi wa kambi, mguu mmoja mbovu, anayewatwanga wafu vichwa kwa mkongojo wake huku akiwatukana. Tunamwita Mkongojo, jina lake la kwenye tamthilia tumeshalisahau. Mama anamjua kwa mlio: ko — ko — ko. Anasema anatembea kama marehemu baba. Ni kweli. Hata ule mguno kabla ya kukaa ni wa baba.

Jumanne, 6 Mei

Hospitali ya macho. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane.

Muuguzi alimchukua mama kwenda kutiwa dawa ya matone. Daktari akafunga mlango, akaniambia mimi. Ni presha ya macho. La kushoto basi tena — mshipa umekufa, hakuna dawa wala kisu cha kuurudisha. La kulia atalipasua Alhamisi ya tarehe 22. Si kulirudisha lilivyokuwa, ni kujaribu kulinda huo mwanga kidogo uliobaki. Na huenda hata huo usibaki. Mweleze mama yako nyumbani, taratibu, kisha mrudi Jumatatu ya tarehe 19 kutia sahihi. Mimi nieleze! Yeye amesomea miaka mingapi?

Mama alinisubiri kwenye benchi, kibeti mapajani. Akauliza, amesemaje? Na la kushoto je?

Nikamwambia watayasafisha yote mawili. Nikamwambia wana mashine mpya, nyeupe, ina taa ya kijani pembeni, inazunguka yenyewe.

Akasema, ahaa.

Nitamwambia kesho.

Jumatano, 7 Mei

Sikumwambia. Mpelelezi alikuwa anakaribia kumkamata muuaji, si wakati mzuri. (Alikwenda kwenye ghala peke yake, bila tochi, bila kumwambia mtu. Tena! Mtu huyu ana cheo, ana gari, ana wasaidizi sita — hana akili.)

Jumamosi, 10 Mei

Wamemuua Mkongojo.

Siandiki vizuri, nina hasira. Wameandika upuuzi! Mzee ameishi misimu mitano kwa ujanja, leo anarudi nyuma kuchukua sufuria. Sufuria! Akang'atwa shingoni mlangoni pa jiko, mlango ambao — Mungu wangu — ulikuwa na ufunguo kwenye tundu lake. Angeuzungusha tu. Mkongojo ukaanguka sakafuni. Kamera ikakaa juu yake wee, na muziki wa kinanda.

Mama akashika mkono wa kiti. Kuna nini? Kuna nini hapo?

Nilifungua mdomo. Nikamwona alivyoinua uso, macho yameelekea dirishani badala ya kwenye tivii. Na la daktari bado sijamwambia, leo siku ya nne. Nikasema, ameteleza tu. Amedondosha fimbo. Wenzake wanamwinua.

Akasema, alhamdulillahi. Akaegemea.

Kisha akasema kitu ambacho sikukitaka. Macho yakisafishwa, cha kwanza turudie tangu mwanzo. Nataka nimwone sura.

Jumapili, 11 Mei

Jirani wa mlango wa pili amekuja na uso wa msiba. Tamthilia ya mazombi anaitazama na yeye. Nimemdaka kwenye ngazi kabla hajagonga. Nikamwambia, dada, kwetu Mkongojo hajafa. Amenitazama kama mimi ndiye niliyeng'atwa. Nimemweleza kwa minong'ono. Akasema, sasa utamweka hai mpaka lini? Nikasema mpaka nitakapojua. Akaingia, akaongea habari za bomba la maji nusu saa, macho kwa mama, machozi yanamlengalenga. Msaidizi wa kazi gani!

Mdogo wangu kapiga simu jioni. Yeye nilimweleza la daktari. Akasema, dada, mwambie ukweli, mficha maradhi kilio humuumbua. Nikamwambia maradhi si yangu. Na ukweli ukiuona ni mwepesi hivyo, panda gari uje uubebe mwenyewe. Akasema kazini hawampi ruhusa. Bila shaka.

Jumatano, 14 Mei

Mpelelezi kafungua kufuli ya ghala kwa pini ya nywele. Sekunde tatu. Nilihesabu! Nimemwambia mama, kama ingekuwa hivyo mimi ningeshaacha kazi nikauza pini. Amecheka mpaka kakohoa.

Mama amemjua muuaji kabla ya nusu saa. Mlinzi wa getini. Nikamuuliza kwa nini, mpelelezi mwenyewe bado anahangaika na mke wa marehemu. Akasema: kaulizwa alikuwa wapi, kajibu na rangi ya soksi. Mkweli hujibu alichoulizwa. Muongo hukupambia chumba kizima.

Mama alikuwa opereta wa simu miaka thelathini, ofisi kubwa, waya mia mbili mbele yake. Aliunganisha watu na waongo wao. Anasema uongo una pumzi yake, mtu huivuta kabla, kama anayetaka kupiga mbizi.

Mlinzi ndiye. Bila shaka ndiye. Sikufurahia hata kidogo.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeharibu funguo tatu leo. Mteja kaleta ufunguo ambao wenyewe ni nakala, nikaufanya kielelezo. Sheria ya kwanza ya kazi hii: usichonge kutoka kwenye nakala, tafuta ule wa asili. Nakala ina kosa dogo, yako inaongeza lake, ya tatu haifungui hata mlango wa choo. Namfundisha kila anayekuja kujifunza dukani. Leo bosi kanifundisha mimi, mbele ya mteja. Nilikuwa nafikiria nitampeleka wapi Mkongojo kesho.

Kwa sababu ndiyo hali halisi: natunga. Nimekaa na kipande cha karatasi nyuma ya mashine, nimeandika: awe amebaki kambini, anachunga mapipa. Mimi! Mimi ambaye kila wiki nawatukana waandishi kwa kumfufua mtu bila maelezo.

Jumamosi, 17 Mei

Imekuwa mbaya.

Mama kaniuliza mbona simsikii. Nikasema wanatembea kwenye nyasi, fimbo hailii. Nyasi! Zile zile.

Baadaye: mbona haongei? Nikasema ameumia koo, amefungwa kitambaa cha bluu, chenye mistari, kimekatwa kutoka kwenye pazia, mwisho wake una pindo jeupe. Pazia lilitoka wapi sijui, maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Nikamwekea na mbwa. Nikasema anamlisha mbwa mkate.

Kwenye tamthilia wafu walikuwa wanakoroma, watu wawili wasio na maana wanabusiana juu ya paa.

Halafu mama akauliza, mbwa wa rangi gani?

Nikasema kahawia.

Akasema, ahaa.

Ahaa ile ile ya benchi. Nimekaa chooni robo saa na mlango nimeufunga.

Jumapili, 18 Mei

Naipenda hii takataka, ndio ukweli. Misimu mitano. Napenda vile mtu anavyong'atwa na wenzake wanajua, na yeye anajua, na kila mmoja anashusha mkono wa shati asionekane jeraha. Siku zote nawapigia kelele: mwambieni! Mtalala naye chumba kimoja, mwambieni! Mara zote namwona anayeficha ni mjinga. Sasa nimemwelewa. Bado ni mjinga.

Leo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza mama alikuwa anapiga pasi kwa kupapasa, anataja kila kifungo akikifikia. Ya pili kaniuliza atavaa gauni gani siku ya kutolewa bendeji, maana anataka kujiona kwenye kioo. Nikatoka nje kununua chumvi. Chumvi ipo.

Kesho ni sahihi. Atatia sahihi kwenye kitu asichokijua, na mkono wake nitauelekeza mimi kwenye mstari. Jambo hilo sitalifanya. Lazima nimwambie leo.

Sikumwambia.

Jumatatu, 19 Mei

Saa moja asubuhi, jikoni. Naandikia juu ya kifuniko cha pipa la unga.

Nimeamka nimemkuta ameshavaa. Amekaa sebuleni, kibeti mapajani, kama kwenye benchi. Nikamsalimia, shikamoo mama. Akaitikia. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Mkongojo alikufa Jumamosi ile, siyo?

Nikavuta pumzi. Akasema:

— Usiivute hiyo. Nijibu tu.

— Ndiyo, mama.

— Nilijua. Fimbo ilianguka na mwenyewe hakuitukana. Mzee yule hata kijiko kikimdondoka anakitukana.

Nikamuuliza kwa nini alininyamazia siku zote hizo. Akasema nilikuwa namsimulia vizuri. Kitambaa cha bluu kilimpendeza. Akasema, nikaona acha nikae naye wiki moja zaidi, kwa baba yako sikuipata hiyo wiki.

Nikaanza kulia, mjinga mimi. Nikasema nisamehe, mama, ilikuwa tamthilia tu.

— Tamthilia nimekusamehe, mwanangu. Mbwa naye nimemsamehe.

Akafungua kibeti, akakifunga.

— Lakini siku ile nilikuuliza jicho langu la kushoto, ukanijibu rangi ya taa ya mashine.

Nikaketi sakafuni, miguuni pake.

— Haya. Rudisha nyuma. Anzia pale daktari alipofunga mlango. Usiruke kitu, na usinipambie.

Nikasema ngoja niweke chai. Chai! Mtu anaulizwa jicho la mama yake anakimbilia birika. Ningekuwa kwenye tivii ningejizomea mwenyewe.

Nina dakika arobaini kabla hatujatoka. Ukutani nasikia jirani anafungua bomba.

Mama ameita. Amesema maji yamechemka kitambo, anasikia kifuniko kinavyoruka, na mimi nasikika nikiandika. Amesema mlango wa jikoni nisiuegemee, hauna hata komeo.

Nimemimina vikombe viwili. Sijui nianze na lipi.

La kushoto. Naanza na la kushoto.