Ardhi Iliyoinamia Ukutani

Jumatatu, 8 Aprili

Maji tena! Zulia la chumba cha Mama limelowa mpaka miguu ya kitanda. Nimekausha kwa mataulo, mgongo hauna hali, na Mama amekaa kitandani miguu juu, ananiomba radhi. Aniombe radhi ya nini? Amemwaga yeye?

Mdogo wangu Marlene kapiga simu. Jumapili anakuja, na akikuta chumba cha chini kimelowa mara ya tatu anamchukua Mama, anampeleka nyumba ya wazee kule Toledo. Mama hataki. Ameniambia atakufa huko, na namwamini.

Jumanne, 9 Aprili

Theluji imeyeyuka, nimezunguka nyumba. Hasira zimenipanda mpaka masikio yanavuma! Udongo wote aliosawazisha Lowell Oktoba — lori zima, siku mbili na reki — umeinamia ukutani. Maji hayaendi mtaroni, yanakuja kwetu. Nilimwambia avute kamba ya kupimia. Akasema amechonga barabara za kaunti kwa greda miaka thelathini, jicho lake ndilo pima maji.

Jicho! Mume gani huyu?

Jumatano, 10 Aprili

Sisemi naye. Ale mkate mkavu.

Alhamisi, 11 Aprili

Kashinda nje na koleo tangu asubuhi. Kamba hataki kuisikia. Jioni kaniita, eti ardhi imekaa sawa sasa. Nikamwaga ndoo ya maji pale pale, mbele yake. Yakasimama kidogo, kisha yakarudi taratibu mpaka msingini.

"Unaona yanavyokimbilia mtaroni?" akasema.

Ananidhihaki! Nimeitupa ndoo, imevunja chungu cha maua. Hasira hasara, wanasema. Hasara ninayo tayari, acha niwe na hasira.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda mwenyewe dukani. Kamba, vigingi viwili, na pima maji ndogo ya kuning'iniza kwenye kamba, ile yenye kiputo cha hewa kinachokaa katikati kamba ikiwa sawa. Kigingi kimoja ukutani, kingine futi kumi mbele. Ardhi inatakiwa ishuke inchi sita kufika huko. Kabla sijapima nikamwita Lowell aje asome kiputo kwa macho yake, asije kusema nimemdanganya.

Akaja. Akainama, mikono magotini, akaitazama kamba muda mrefu.

"Kiputo kiko katikati, bibie. Umeridhika?"

Pima maji ilikuwa bado mfukoni mwa aproni yangu. Sijaining'iniza.

Nimeingia ndani, nimeosha vyombo visafi.

Tangu lini haoni? Tangu Oktoba? Na msimu mzima wa baridi amemwendesha Mama kanisani, barabara zina barafu! Miaka arobaini na moja ya ndoa, mtu hawezi kusema neno moja? Ningemwua. Na mimi je — nilikuwa natazama wapi?

Jumapili, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimechimba peke yangu kwa kufuata kamba. Upande mmoja umeshuka vizuri, wa dirisha la Mama bado. Marlene kasema yuko njiani.

Lowell anataka kwenda kuleta udongo mwingine. Anataka kunisaidia! Ametoa droo zote za jikoni, anapapasa meza, ananiuliza kama nimeona funguo za gari.

Ziko mfukoni mwangu. Hajakasirika. Ameuliza mara ya pili, kwa upole. Mama ananiita kutoka chini, anasema soksi zake zimelowa —