Shikamoo ya Kabati la Joto

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wa Baba umepata nafuu. Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio umenikimbia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi. Nabandika namba kwenye chupa za maabara na kufungua vyumba. Juu yupo mtafiti wa udongo, tunamwita Mama Kuvu, kwa kuwa amepata udongoni kuvu inayodhoofisha seli za saratani. Katikati yupo Daktari, anayezifuga seli hizo kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Chini ya ardhi yupo Fundi Miale, na mtambo wake wa kurusha chembe zisizoonekana hata kwa hadubini. Wote watatu wanatafuta tiba moja: kuvu idhoofishe, chembe zimalize.

Katika majaribio ya mwanzo, seli za kila chupa zilikufa, isipokuwa za chupa moja. Wakaiita Bibi. Kila anayefungua kabati asubuhi lazima amwamkie shikamoo. Asiyemwamkia hutaniwa kwamba hakufunzwa adabu na jaribio lake litaharibika. Nami nilimwamkia mwaka mzima, nikicheka.

Jumatatu Daktari alinisimulia asili ya Bibi ili kunichangamsha. Alisema seli zile zilitoka kwenye uvimbe wa fundi cherehani mmoja, aliyeingia chumba cha upasuaji akiwaonya kwamba mkasi wao ni butu, na kuwaagiza wakishakata wasitupe vipande, vitamfaa mtu. Daktari alicheka hadi akavua miwani. Dada, nani mwingine alilalia gunia la vipande vya vitambaa, akitukataza tusiguse hata kimoja?

Miaka minane tunapalilia kaburi la Mama, kumbe hatukumzika wote.

Nilimuuliza Daktari, kama mdadisi tu, kama zile ni seli za yule mama au za ugonjwa wake. Akanijibu kwamba hakuna kisu cha kutenganisha. Kwa hiyo sijui nimekuwa nikimwamkia nani: Mama, au kilichomla Mama. Jana nilifungua kabati kimya. Kioo kikafuka ukungu, kama mtu amekipumulia kwa ndani.

Leo ilikuwa zamu ya Bibi kushushwa kwenye mtambo. Seli za chupa iliyoshushwa zikafa zote. Fundi Miale alicheza ngazini, na Mama Kuvu alilia kwa furaha, maana dada yake yuko wodini akiingojea tiba hiyo.

Dada, chupa ile haikuwa Bibi. Namba nabandika mimi, na namba yake niliibandika kwenye chupa nyingine. Bibi nimemfunga kifuani, chini ya shati, kwani akipoa atakufa. Wewe ndiye mkubwa wetu. Barua hii naituma na dereva wa basi. Ukiisoma tu nipigie, useme neno moja: nimrudishe au nimlete.

Baba msalimie, ila haya usimwambie. Pokea salamu zangu. Za huyu niliye naye, sijui kama nizitume.

Mdogo wako,
Kitindamimba