Wageni Tisa na Dinah

Jumapili, 26 Oktoba 1712

Mume wangu Gervase kaenda parokiani, kwenye kanisa la serikali, peke yake tena. Kiti cha tatu, nyuma ya meya, kama inavyompasa karani wa mji. Mimi nikaenda kikanisani kwetu, nikakaa kando ya nafasi yake. Watu hawaniulizi tena yuko wapi. Hilo ndilo linaloniuma.

Zamani tulipata njia ya kushika cheo na ibada yetu pamoja — au tulijidanganya. Alipoteuliwa, miaka minne iliyopita, alikwenda parokiani mara moja, akapiga magoti, akala mkate wa Ushirika mkononi mwa kasisi wao. Bwana Sleddall, mzee wa kanisa lao, akatia sahihi cheti. Jumapili iliyofuata Gervase alikuwa ubavuni mwangu, tunaimba. Sheria ilimtaka mwenye cheo awe na cheti cha Ushirika wao, cheti kipo, yakaisha. Lakini tangu Machi kuna sheria mpya: mwenye cheo akikutwa kwenye ibada ya watu wetu, hana cheo.

Kwetu hatupigi magoti kwenye Meza ya Bwana. Tunaketi, kama mitume walivyoketi. Baba yangu alinyang'anywa kanisa na nyumba ujanani kwa kukataa kitabu chao cha sala. Aliposikia habari za cheti alisema, "Mumeo amepiga magoti ili apate kiti." Basi. Tangu siku hiyo hamwiti tena "mwanangu". Anamwita Karani. Na sasa anaumwa, kalala chumba chetu cha juu, anakula mkate wa huyo huyo Karani!

Alhamisi, 30 Oktoba

Daktari kasema mapafu yamekwisha. Macho yalishatangulia, Baba anaona mwanga na vivuli tu. Asubuhi kanishika mkono. Anataka Meza ya Bwana mara moja zaidi, hapa nyumbani, aiongoze mwenyewe. Na Gervase awepo.

"Nimwone ameketi," kasema. "Nikishamwona, nitaondoka kwa amani."

Nikamjibu vibaya. Nilisema utamwona kwa macho gani, Baba? Najuta.

Gervase alisubiri tumalize kula. Kisha akaleta karatasi ya sheria, akaisoma kwa kidole kama asomavyo kila kitu. Wageni kumi au zaidi, mbali na watu wa nyumba — hilo ndilo kosa. Akahesabu vidole. Tisa, akasema. Tisa si kosa. Nilimbusu kipara. Najua mshika mbili moja humponyoka, lakini leo nimempenda huyu karani wangu.

Jumanne, 4 Novemba

Kuchagua tisa ni kazi mbaya. Kila jina unaloliandika unamfukuza mwingine. Mjane Agnes Mounsey, anayemletea Baba supu kila siku ya Mungu, ni wa kumi. Nikaenda kumwambia mwenyewe. Akaniuliza kama Bwana Yesu naye aliwahesabu mlangoni. Kisha akanipa supu.

Sisi wa nyumba ni wanne: Baba, Gervase, mimi na Dinah mtumishi. Itakuwa Jumatano tarehe 12, adhuhuri. Ni siku ya soko, hakuna atakayetutazama.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu ya Martin. Mwaka wa watumishi umeisha, kila mmoja yuko barabarani na sanduku lake. Dinah kaondoka. Miaka sita! Anataka kuwa karibu na mama yake, na dada yake Bwana Sleddall kampa kazi kwenye nyumba ya wageni darajani. Kalia, na mimi nimelia, sufuria zikaungulia. Anaanza kazi kesho jioni, kwa hiyo adhuhuri atakuja kuketi na Baba mezani. Nikamwambia njoo, hata kuuliza huulizi, wewe ni wa nyumbani.

Jumatano, 12 Novemba

Niandike upesi, na kwa mpangilio.

Wageni tisa. Gervase aliwahesabu mlangoni, nami nikawahesabu tena mezani. Dinah akaingia kwa mlango wa jikoni kama siku zote, akakaa kwenye kigoda chake. Hakuna aliyemhesabu. Nani humhesabu Dinah?

Tulimshusha Baba kwenye kiti cha mikono. Akaomba kwa sauti niliyodhani imekwisha. Akaumega mkate. Gervase alikuwa ameketi kuliani kwake, uso umelowa machozi, wala haufuti. Mlango ukagongwa. Gervase akainuka kufungua, maana mtumishi hatuna tena.

Alikuwa Bwana Sleddall, na daftari. Hakuingia kwa kelele. Nadhani kazi hiyo hata haikumpendeza. Akauliza wageni ni wangapi. Gervase akasema tisa. Sleddall akatazama kigodani, akasema kwa upole kwamba dada yake alimwandika Dinah kazi jana.

Kumi.

Dinah akaziba mdomo kwa aproni. Mimi ndiye niliyemwambia njoo! Wa nyumbani, nilisema. Sheria haijui wa nyumbani. Inajua wa nyumba.

Ndipo Sleddall akasema lile jambo. Alimtazama Gervase, ambaye bado alikuwa wima karibu na mlango. "Cheti chako nilikitia sahihi mimi, Karani. Nakuona umesimama. Mtu hakatazwi kupita ndani ya nyumba yake. Unapita tu, sivyo?"

Gervase akakitazama kiti chake kitupu. Neno moja tu, na yote yanabaki: cheo, nyumba hii ya mji, kitanda alicholalia Baba.

Baba, mkate mkononi, akageuza uso kuliani. "Gervase," akasema. Gervase, si Karani. "Umeketi?"

Gervase hakusogea pale mlangoni. Sikuweza kuvumilia ule mkono ulionyooshwa na mkate, hakuna wa kuupokea.

"Ameketi, Baba," nikasema.

Nikauchukua ule mkate mimi. Baba akatabasamu. Na Sleddall akaandika. Hakuandika alichokiona, aliandika nilichokisema: Karani ameketi ibadani.

Mimi, niliyemcheka mume wangu miaka minne kwa ukweli wake wa nusu nusu!

Saa tisa. Wageni wameondoka. Tumemrudisha Baba juu. Mjumbe wa meya yupo ukumbini, anataka Gervase aende sasa hivi aseme mbele ya meya kama aliketi au alisimama. Akisema alisimama, Sleddall atakubali, mimi nitakuwa mwongo, na kesho Baba atasimuliwa na mji mzima. Akisema aliketi, cheo kimekwenda, na nyumba hii nayo. Nimemwambia Gervase aseme kweli. Akaniuliza, "Ipi? Nilikuwa nimeketi kabla hajagonga." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Sasa Baba anaita juu. Sauti ndogo, lakini nyumba hii ni ya mbao, kila neno linashuka.

"Mwanangu," anaita. "Gervase, mwanangu. Njoo uketi nami."

Namwona Gervase kutoka hapa jikoni. Kofia mkononi, mguu mmoja kwenye ngazi. Mjumbe kamfungulia mlango, baridi inaingia. Baba anaita tena.