Bluu ya Chumba Chako

Kasingirima, Ujiji,
8 Februari 2026.

Mpendwa Shangazi Mwanne,

Shikamoo. Leo nimejiahidi kukueleza yote, hata yale nisiyoweza kuyasema kwenye simu Bibi akiwa kando yangu. Lakini kwanza, hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi hatujambo, ila macho ya Bibi yanazidi kuingia ukungu.

Mvua ya Januari iliingia chumbani kwako. Plasta ya upande wa kitanda ilidondoka, na Baba ameipiga upya. Sasa Bibi anataka ukuta uwe na bluu ileile kabla hujaja Idi, kwa kuwa hujafika tangu tumzike Babu. "Mwanne akiingia asijione mgeni," anasema kila siku.

Fundi Pazi alileta makopo mawili ya bluu, akapaka viraka viwili. Mimi sikuona tofauti. Pazi akacheka: "Bibi, hizi baba mmoja, mama mmoja."

"Hata mapacha, Pazi, mama yao hawachanganyi," Bibi akamjibu.

Asubuhi alichagua cha kushoto, alasiri akachagua cha kulia. Baba amechoka. Amesema tarehe 27 anapaka krimu, yaishe.

Shangazi, Bibi hazioni rangi zile. Jana nilimkuta peke yake akipapasa viraka, kisha akakitazama kiganja chake, kana kwamba kuna kitu kimekosekana.

Ndipo nikakumbuka. Ulikuwa ukinisuka nimeegemea ukuta ule, na nikitoka uani Bibi anasema, "Huyo katoka kwa Mwanne," maana mgongo wote wa blauzi ulikuwa bluu. Ile haikuwa rangi ya kopo. Ilikuwa chokaa ya Babu, iliyochanganywa na bluu ya kufulia, nawe ukikoroga kwa mwiko uliovunjika.

Nilipomwambia Bibi, alicheka mpaka akajifuta macho. Baba amekubali kununua chokaa. Lakini kipimo Bibi hakijui. Anasema hiyo ilikuwa kazi yenu wawili.

Bibi, Baba na Mama wanakusalimu sana, na Esther wa jirani pia, ambaye bado anasuka mtindo uliomfundisha. Msalimie Baba Rukia, na umbusu Rukia. Mwenyezi Mungu akufikishe kwetu salama.

Nijibu mara upatapo barua hii, Shangazi: kwenye ndoo moja ya chokaa, Babu alikuwa akitia pakiti ngapi za bluu?

Mwanao anayekusubiri kwa upendo,
Ikram