Unga wa Matofali Ndani ya Zege

Jinja, Jumanne

Leo afande anayesimamia ujenzi wa kambi ya jeshi ameona zege la tangi la maji ninalojenga lina wekundu, akaniuliza, "Fundi, saruji yangu umeuza Mbale?"

Nikamwambia ukweli. Saruji haitoshi, kwa hiyo naongeza unga wa matofali ya kuchoma. Fundi mkuu wangu wa zamani, Mhindi, alinifundisha kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini: zege likikomaa linashika zaidi, maji hayapenyi.

Akachukua nyundo, akapiga mara tatu kipande cha zege hilo nililomimina mwezi uliopita. Hakikumeguka. Nikapumua.

Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Kesho utapata nusu ya saruji. Nyingine wakubwa wamechukua. Huo udongo wako wa matofali si upo?"

Udongo huo husaidia saruji, hauwi saruji; kwa nusu, tangi litapasuka. Lakini naye alikuwa anawaogopa hao wakubwa, nilimwona.

Nikajibu, "Ndiyo, afande."