Karata za Mezani

Arua, 6 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Tahiru,

Kabla ya salamu nakuomba sana: barua hii isome peke yako, kisha itie jikoni iungue. Mama Rashida asijue neno hata moja. Hata Rashida anayekuletea hajui kilichomo. Nimemwambia ni habari za dawa ya mguu wako. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani hupokewa na yeyote aliye karibu, na wewe ukiipata huweka sauti ya juu mpaka majirani wanakuitikia.

Nakusalimu sana, Mjomba. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umepungua? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi hakuna.

Pikipiki haiko kwa fundi. Nilikudanganya. Iko kwa Ocama, msimamizi wa wapagazi hapa kwenye ghala la simsim, yaani ufuta, la Bwana Angelo, ninapofanya ukarani wa mizani. Kila Jumamosi tunacheza poka, watu wanne, katika nyumba kuukuu anayopanga Ocama kule Arua Hill. Tulikuwa tunacheza kwa maharagwe, mchezo tu, mpaka siku moja akasema, "Karani, maharagwe ni ya kupika. Weka pikipiki, mimi naweka yangu. Ama unaogopa mama atakuchapa?" Wenzetu wakacheka. Nilikuwa na karata nzuri mkononi, nikasukuma dau kwa nguvu tangu mwanzo. Wote wakatupa karata isipokuwa yeye. Alikuwa na nzuri zaidi.

Najua pikipiki ile ni ng'ombe zako ulizouza. Najua uliniachia ili kila mwezi nije Koboko kukupeleka kliniki. Siwezi kukutazama usoni.

Ocama amenipa nafasi ya kuirudisha. Jumamosi ijayo tucheze tena, yeye na mimi. Nikishinda, naichukua. Nikishindwa, nitamwandikia karatasi ya getini ili lori moja la simsim litoke bila kupita kwenye mizani. Hiyo ni kazi yangu, Mjomba, na jina langu, na labda jela.

Wewe ndiye uliyenifundisha karata tangu nikiwa mdogo. Niambie: Mungu akinipa karata zenye nguvu, nisukume mara moja, au ninyamaze kwanza?

Mpwa wako,
Yakani


Koboko, 10 Septemba 2024

Mpwa wangu Yakani,

Salamu nyingi. Sisi wote wazima. Mguu bado mkaidi, lakini unafika msikitini na kurudi. Mama Rashida anauliza fundi gani huyo anayeshika pikipiki mwezi mzima, kama anaizaa upya. Nimemjibu vipuri vinatoka Kampala. Sasa tuko waongo wawili.

Nilipomaliza barua yako nilitupa fimbo uani, kuku wakakimbia. Nilitaka kukuandikia neno moja tu: usiende. Hilo ndilo neno la mtu mzima. Lakini pikipiki ni yangu, na karata nazijua, na moyo wangu wa kambini, wa siku za jeshi, umeamka. Kwa hiyo nakujibu.

Kosa lako ni kusukuma. Ukipiga kelele, wenye karata mbaya wanakimbia, anabaki mwenye nzuri kuliko yako. Mutu mwenye nguvu analala. Kambini tulikuwa na sajini mmoja, Yugu, mkubwa kama mlango. Siku moja alishika wafalme wanne. Akakaa anakuna sikio, anauliza kama chai iko. Sisi tukaweka, tukaongeza, tukaweka tena. Mwisho akafungua, tukatoka pale bila viatu. Wakati huo wote nani angemdhuru? Kila mtu ana karata zake tano kifuani, anabadilisha mara moja, basi, hakuna kingine kinachokuja.

Kwa hiyo lala. Ukipata wafalme, uliza chai. Mwache Ocama aingie mwenyewe mpaka shingoni, ndipo ufunge mlango.

Ukishinda, karata uache. Niapie.

Mjomba wako,
Tahiru


Arua, 16 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu. Natumaini mguu hauumi sana na wote nyumbani hawajambo. Barua hii pia iungue kama ile ya kwanza.

Nimeshindwa.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, maana naicheza tena kichwani hata nikiwa kwenye mizani. Tulicheza kwa maharagwe, kopo moja kila mtu; atakayebaki bila kitu ndiye aliyeshindwa. Nilikwenda vizuri kwa muda. Kisha nikapewa karata zangu mbili, na zote zilikuwa wafalme. Nikakumbuka sajini Yugu. Sikusukuma. Zikafunuliwa tatu za mezani: mfalme mwingine, na kopa mbili, zile za moyo mwekundu. Nilikuwa na wafalme watatu, Mjomba! Nikaikalia mikono yangu. Nikapita bila kuongeza kitu. Nikauliza kama chai ipo.

Ocama akanitazama. "Leo karani amelala," akasema. Naye akapita.

Ikafunuliwa ya nne, haina maana yoyote. Nikapita tena. Naye akapita tena, bure, bila kulipa hata punje. Ikafunuliwa ya tano: kopa. Mimi sikuitazama hata. Nilikuwa natazama kopo lake. Nikasukuma yote niliyokuwa nayo. Akasukuma yote aliyokuwa nayo. Alikuwa na kopa mbili mkononi. Pamoja na zile tatu za mezani zikawa tano za alama moja, zinashinda wafalme wangu.

Wakati wa kukusanya karata aliniambia, tena kwa upole, kama ndugu: "Ungesukuma zilipofunuliwa zile tatu za kwanza, ningetupa. Kweli ya Mungu, ningetupa. Wewe umenikaribisha ndani."

Lori litatoka Ijumaa. Lakini usiogope sana, kwa sababu safari hii kweli nina karata. Jana Ocama alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu akieleza kila kitu: lori gani, nani dereva, magunia yatashushwa wapi, mimi niandike nini. Sauti yake mwenyewe. Nimeisikiliza nikiwa nimejifungia chooni.

Sitasaini. Wala sitamwambia Bwana Angelo sasa. Nikimwambia leo, Ocama atasema ni utani wa vijana, na lori halitakuwepo kuthibitisha. Nitanyamaza mpaka Ijumaa lori lifike getini limejaa, ndipo nimwite Bwana Angelo na kumsikilizisha. Pikipiki itarudi yenyewe.

Niombee.

Mpwa wako,
Yakani


Koboko, 18 Septemba 2024

Yakani mwanangu,

Salamu zangu ni fupi leo, nisamehe. Tuko hai.

Karata gani za mezani?

Nimesoma sehemu ile mara nyingi. Karata tatu zimefunuliwa, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila mtu anazitumia? Mimi mchezo huo siujui. Jana jioni nilijikokota mpaka stendi ya mabasi, kwa wale vijana wa bodaboda wanaocheza chini ya turubai. Nikawaambia nifundisheni. Wakacheka: "Mzee anataka kutula!" Kijana mmoja anaitwa Tombe akanionyesha kwa subira. Karata mbili tu mkononi, na nyingine zinaendelea kuja mezani, na kila inayokuja inaweza kumfufua aliyekuwa amekufa.

Nikamuuliza, "Na mutu akishika wafalme watatu mapema, na mezani kuna kopa mbili, anafanya nini?" Hakufikiri hata. "Anasukuma, mzee. Sana. Anawalipisha ile karata inayofuata, ama wanatupa. Nani analala hapo?"

Mimi ndiye niliyekulaza hapo. Ulikuwa na mchezo mmoja, nami nikakujibu kwa mchezo mwingine, wa watu ambao wengi wamekufa. Ningekuuliza swali moja tu, mnacheza vipi huko, ningejua. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumsimulia Yugu. Na neno la mtu mzima nililijua, usiende, nikaliandika na kulipita.

Sasa nisikilize. Ile sauti kwenye simu ni wafalme wako watatu, na wewe umeanza kuuliza chai tena. Ijumaa ni mbali. Karata zinaendelea kuja. Usingoje lori. Ukipata barua hii, hata kama umekaa kwenye mizani, inuka uende kwa Bwana Angelo, uweke kila kitu mbele yake: karata, pikipiki, sauti, aibu yako yote. Atakufukuza, akufukuze. Lakini atakuwa amekusikia wewe kwanza.

Rashida alikuwa asafiri leo, lakini mtoto wake amepandwa na homa. Anasema kesho. Nimejaribu simu yako, haipatikani. Kama kesho hatasafiri, nitapanda basi mwenyewe na mguu huu.

Mjomba wako,
Tahiru


Lobule, 24 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu, wewe na Mama Rashida, na mtoto wa Rashida ambaye nimesikia amepona. Usimweleze mtu yeyote, ila Rashida, kwamba umepata barua hii. Mimi ni mzima wa mwili.

Rashida alinikuta Alhamisi jioni, nikiwa tayari nje ya geti. Nilisoma barua yako nimesimama kando ya barabara, karibu na wanaochoma mahindi. Nililia mbele ya watu.

Ilikuwa hivi. Jumanne nilikuwa mkimya kazini. Nilidhani ndiyo busara. Ocama alipita akiwa na wapagazi, akasimama, akanitazama vile vile alivyonitazama Arua Hill. "Karani," akasema, "safari iliyopita ulipokaa kimya hivi ulikuwa na wafalme watatu. Leo una nini?" Nikasema sina kitu. Akacheka, akaniomba chai. Mjomba, aliniomba chai.

Usiku huo nilipofungua simu, pale palipokuwa na sauti yake palikuwa na maneno madogo tu kwamba ujumbe umefutwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuufuta kwenye simu yangu akiwa kwake. Mimi niliyesoma, sikufikiria hata kuuhifadhi mahali pengine. Nilizima simu, kama mtoto anayejifunika shuka. Ndiyo maana hukunipata.

Asubuhi ya Jumatano nilikwenda kwa Bwana Angelo. Nilikwenda, nataka ulijue hilo, hata kabla ya barua yako. Lakini Ocama alikuwa ametangulia. Pikipiki ilikuwa imesimama uani kwa Bwana Angelo, imeoshwa. Ocama alikuwa amemweleza kwamba mimi mcheza kamari nilimpa pikipiki ile kama rehani, nikimsihi aniletee mteja wa simsim ya wizi, na yeye kama mtu mwaminifu ameileta. Kila nilichosema kilionekana nimekitunga njiani. Nilisema, "Alinitumia sauti." Bwana Angelo akanyoosha mkono: "Nisikilizishe." Nikampa simu yenye maneno yale madogo.

Hakupiga kelele. Alisema, "Ungekuja Jumatatu, Yakani." Akanipa mpaka Alhamisi nikabidhi vitabu, na akasema baada ya hapo polisi watajua la kufanya.

Sikungoja polisi. Nililala kwa rafiki, kisha nikapanda lori la mihogo mpaka huku. Najua kukimbia kunanifanya nionekane mwizi kabisa. Sijasaini karatasi yoyote, Mjomba. Hakuna lori lililotoka. Hilo ni kweli, na ndilo pekee nililobaki nalo, na sitaki kulificha tena.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Usijilaumu kwa Yugu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale, naziona karata za mezani kwa macho yangu.

Nakuomba jambo moja. Kwetu mjomba ndiye anayesimama mbele ya watu kwa ajili ya mpwa wake. Twende pamoja kwa Bwana Angelo, mchana, wapagazi wakiwepo, niseme yote kwa mdomo wangu, na wewe uwe kando yangu. Huenda asiniamini. Polisi wakiwepo, wawepo. Najua mguu hauwezi safari, na najua ni kwa sababu yangu huna pikipiki ya kuubeba. Naandika sentensi hii kwa shida.

Kama utakubali, fanya hivi. Usipige simu; nimeiuza. Mtume Rashida siku ya soko la Dranya, aende kwa mama mmoja anaitwa Patience anayeshona nguo mbele ya duka la chumvi. Asitaje jina langu. Aseme amefuata shati la mjomba. Patience atampa mtu wa kumwongoza mpaka Lobule, njia ya katikati ya mashamba ya mihogo, mpaka nyumba yenye mlango wa bati la bluu. Abishe hodi, aite jina lako, si langu. Nikisikia Tahiru nitafungua. Atembee kwa miguu au aje kwa baiskeli, hata kama jua ni kali. Asipande bodaboda. Kila nikisikia pikipiki huku nakimbilia mashambani, na nikiwa huko sitamsikia akiita.

Mpwa wako,
Yakani